Boti inavuta kulia nikitia resi, kana inachosha mkono: nianzie wapi?

Nahodha_Chole

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za boti.

Boti ni fiba ya futi 20, chini ina V ya wastani, mkuku (uti wa chini ya boti) unafika hadi kwenye tezi (nyuma). Mashine ni Yamaha Enduro ya hp 40, mguu mrefu (sehemu inayoshuka majini), ya kushika kana, yaani mpini wa kuongozea, kwa mkono. Propela ni ya alumini, mapanga matatu.

Mwendo mdogo haina shida kabisa. Resi ikipita nusu na boti ikipanda juu ya maji, kana inakimbilia kushoto na boti inageuka kulia. Lazima uishikilie kwa nguvu muda wote. Ukivuka mpaka Nyamisati kule bara, bega linakufa ganzi, na ukilegeza mkono kidogo tu boti inajikunja.

Propela nimeshabadilisha, hali ni ileile. Mashine yenyewe haina tatizo, inawaka vizuri na resi inafika juu. Kuna aliyenishauri nikaze ile skrubu ya kuzuia kana. Nimeikaza, kana imekuwa nzito pande zote mbili lakini boti bado inataka kwenda kulia.

Nianzie wapi? Kuna kipezi kidogo chini, nyuma ya propela. Ndicho hicho cha kugeuza?

---

FundiMguu

Mkuu, umefanya vizuri kusema kana inakwenda wapi na boti inakwenda wapi. Wengi huandika "inavuta kushoto" wakimaanisha kana, mwingine anasoma kana kwamba ni boti, mwisho marekebisho yanafanywa kinyume. Hapa chini nikisema inavuta kulia, namaanisha boti inageuka kulia ukitazama omo (mbele ya boti).

Kwanza ujue kwa nini inavuta. Propela yako inazunguka kulia, yaani ukisimama nyuma ya boti ikiwa inakwenda mbele, utaiona inazunguka kama akrabu za saa. Panga la upande wa kulia linashuka, la upande wa kushoto linapanda. Shafti ya propela ikiwa sambamba na maji yanayopita chini, mapanga ya pande zote mbili yanasukuma sawa na kana inakuwa nyepesi. Shafti ikilala kwa pembe, upande mmoja unakula maji kuliko mwenzake.

Mguu ukiwa umeingizwa sana kuelekea ubao wa tezi, panga linaloshuka ndilo linalosukuma zaidi. Nguvu inahamia kulia mwa shafti, mguu unasukumwa kujizungusha, kana inakwenda kushoto na boti inavuta kulia. Hiyo ndiyo hali yako hasa. Mguu ukitolewa nje kupita kiasi inakuwa kinyume: panga linalopanda linashinda, boti inavuta kushoto. Katikati ya hizo mbili kuna pembe ambayo mvuto unakaribia kwisha, na hiyo ndiyo ya kuitafuta kabla hujagusa spana ya kipezi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza: pini ya kuinamisha mashine iko tundu la ngapi? Ni ile fimbo ya chuma inayopita kwenye mabano yaliyobana ubao wa tezi, ambayo mguu unaiegemea ukiwa umeshushwa. Mashine nyingi za mkono huwekwa tundu la kwanza, la karibu kabisa na ubao, siku zinapofungwa, na hakuna anayerudi kuangalia.

Fanya hivi:

1. Zima mashine, vua kamba ya kuzimia (ile inayozima mashine ikichomoka). Inua mguu mpaka ujifunge juu. Usitegemee mkono wa mtu kuushikilia.
2. Ondoa kibanio cha pini, ichomoe, irudishe tundu moja nje. Moja tu. Hakikisha imepita mabano yote mawili, kulia na kushoto, kisha rudisha kibanio.
3. Pakia boti kama unavyosafiri: mafuta, barafu, watu, kila kitu mahali pake pa kawaida.
4. Jaribu asubuhi kabla ya upepo, maji yakiwa yamesimama. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, ni bora kuliko bamvua, mkondo ukiwa mkali. Nenda mstari mmoja ulionyooka kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, kisha rudi mstari uleule. Kama inavuta kulia wakati wa kwenda na kushoto wakati wa kurudi, huo ni upepo au mkondo, mashine haihusiki.

Ukitoa tundu moja nje utaona omo inapanda kidogo na kana inakuwa nyepesi. Jaribu na la pili. Dalili za kuzidisha ni hizi: omo inaanza kudundadunda hata bahari ikiwa shwari, na ukikata kona propela inashika hewa, mashine inapiga kelele ghafla bila boti kuongeza mwendo. Ukifika hapo rudi tundu moja ndani. Boti ikiwa kwenye mwendo wa safari, lile bati la bapa juu ya propela, pleti ya kavitesheni, liwe sambamba na uso wa maji. Hicho ndicho kipimo kizuri kuliko kuhesabu matundu, kwa sababu ubao wa tezi wa kila boti una mlalo wake.

Kile kipezi ni cha mwisho. Kazi yake ni kumalizia mvuto mdogo uliobaki baada ya pembe kukaa sawa. Ukikitumia kufidia pini iliyo vibaya, kitakusaidia kwa mwendo mmoja na kukusumbua kwa mwingine.

Kuhusu skrubu ya kuzuia kana, ilegeze. Imewekwa ili kana isitikisike ovyo. Ukiikaza sana unaficha mvuto, na siku unahitaji kukwepa mtumbwi ghafla kana haigeuki kwa wakati.

---

BotiTanga

Kabla ya yote, geuza hicho kipezi kushoto. Boti inakwenda kulia, kipezi ukikielekeza kushoto kitairudisha kushoto kama usukani wa jahazi. Rahisi tu.

---

FundiMguu

Hapana mkuu BotiTanga, ukifanya hivyo mvuto utaongezeka. Kosa hili ni la kawaida sana, ngoja nilieleze vizuri.

Kipezi hakigeuzi boti. Ni kidogo mno kwa kazi hiyo. Kinachogeuza boti ni mguu mzima pamoja na propela. Kipezi kinachofanya ni kuusukuma mguu kutoka nyuma ya ekseli yake ya kugeukia. Ncha yake ya nyuma ikielekea kulia, maji yanapiga uso wake wa kulia na kuusukuma mkia wa mguu kwenda kushoto. Mguu unaotaka kukimbilia kulia unapata nguvu ya kuuzuia.

Kwa hiyo kanuni ni hii: boti ikivuta kulia, ncha ya nyuma ya kipezi iende kulia. Ikivuta kushoto, ncha iende kushoto. Inafuata upande uleule wa mvuto. Kanuni haibadiliki hata kama propela ni ya kuzunguka kushoto, kwa sababu unafuata kinachotokea kwenye kana.

---

MkukuNaTezi

Nakubaliana na FundiMguu, ila mimi naongeza mambo ya boti yenyewe, maana mara nyingi mashine inalaumiwa bure.

Jambo la kwanza, mashine iko katikati? Usipime kwa macho. Chukua futi kamba, pima upana wa ubao wa tezi pale chini kwenye kona mbili za fiba, weka alama katikati. Kisha shusha uzi wenye kitu kizito kutoka katikati ya mabano ya mashine na uone unaangukia wapi. Mashine ikiwa pembeni kwa sentimita mbili au tatu, inasukuma boti kutoka upande mmoja na lazima igeuke. Wakati huohuo tazama kama imesimama wima. Ubao wa tezi uliooza ndani unakunjika upande mmoja, bolti zinazama, mashine inalala bila wewe kujua. Gonga ubao kwa mpini wa nyundo kuzunguka bolti: sauti kavu ni nzima, sauti nzito ya kufa ni maji ndani ya mbao.

La pili ni kimo. Weka rula ndefu au ubao ulionyooka chini ya mkuku, uache utokeze nyuma mpaka ufike chini ya pleti ya kavitesheni, mguu ukiwa wima. Pleti inatakiwa iwe usawa mmoja na chini ya boti, au ishuke hadi milimita 25. Mashine ikiwa juu zaidi, mapanga ya juu yanapiga povu na ya chini ndiyo yanayoshika maji. Propela ya kuzunguka kulia ikifanya hivyo inauburuta mguu kwenda kulia, na mvuto wa boti unakuwa kulia hata pini ikiwa sawa. Mashine ikiwa chini mno, boti inakuwa nzito, inarusha maji nyuma na kana inagoma. Kwa mguu mrefu, ubao wa tezi unatakiwa uwe na kimo cha kama inchi 20 kutoka juu mpaka chini ya mkuku. Boti nyingi zilizojengwa kwa mkono hazina kipimo hicho kamili, kwa hiyo pima.

La tatu ni chini ya boti. Ivute nchi kavu, ilaze, ukague mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi. Sehemu hiyo ndiyo inayoamua kila kitu boti ikiwa imepanda juu ya maji. Weka rula iliyonyooka kwa urefu, upande wa kulia kwanza halafu kushoto, umbali uleule kutoka kwenye mkuku. Tazama mwanga unaopita chini ya rula. Upande mmoja ukiwa na bonde na mwingine umenyooka, umepata mchawi wako. Viraka vya fiba ni wakosaji wakubwa: fundi anaongeza tabaka nne upande mmoja, hapigi msasa ukingo, kiraka kinabaki kama ngazi ndani ya maji. Piga msasa mpaka kidole kikipita kisihisi mpaka.

Na mkuku wako unaofika hadi kwenye tezi nauangalia kwa jicho baya. Mkuku mnene unaoishia kwa mkato mbele tu ya propela unapeleka maji yaliyochafuka moja kwa moja kwenye mapanga. Mwisho wake, kama nusu mita hivi, uchongwe ukonde taratibu pande zote mbili kwa usawa, kisha ufungwe tena kwa fiba maji yasiingie. Kama kuna ukanda wa chuma chini ya mkuku, hakikisha ncha yake haijaachia na kupinda. Ncha ya ukanda iliyopinda sentimita moja inatosha kuvuta boti, na haionekani boti ikiwa majini.

Mwisho mzigo. Tanki la mafuta liko upande gani? Sanduku la barafu? Msaidizi anakaa wapi? Kwa boti ya futi 20, mtu mmoja na tanki kuhamia upande wa pili kunabadilisha kabisa inavyokwenda. Jaribio hili halina gharama: mkiwa mwendo wa safari, mwambie mtu ahame taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, wewe usikilize kana.

---

Nahodha_Chole

Wakuu asanteni sana. Nimekagua, majibu ni haya:

Pini iko tundu la kwanza, lile la karibu na ubao. Mashine iko katikati, tofauti haizidi nusu sentimita. Kimo: pleti iko chini ya usawa wa boti kwa kama milimita 20. Chini ya boti pande zote mbili zimenyooka, kiraka kimoja kidogo kipo mbele, hakifiki nyuma. Tanki la mafuta liko kulia kwa sababu hose haifiki upande wa pili.

Kipezi ndicho kimenishangaza. Kimeliwa, kimebaki kama nusu, kina mashimo mashimo, na kuna mtu alikipaka rangi nyeusi kama mguu mzima. Bolti yake haigeuki kabisa.

Lile pezi kubwa la chini kabisa ya gia boksi nalo naona limepinda kidogo kwenye ncha. Liligonga mwamba zamani. Lina maana?

---

FundiMguu

Una sababu tatu zinazosaidiana, ndiyo maana bega lako linaumia: pini ndani, kipezi kimeliwa, na pezi la chini limepinda. Tanki ni la nne lakini dogo. Usizirekebishe zote kwa mpigo. Anza na pini na tanki, jaribu, ndipo uje kwenye kipezi.

Kipezi kwenye mashine nyingi ni zinki ya kinga pia. Kinaliwa badala ya gia boksi kuliwa na chumvi. Kuliwa kwake ni kazi yake, lakini kikifika nusu kinakuwa hakina tena uso wa kusukuma maji, na kinga nayo imepungua. Kibadilishe. Na rangi ni marufuku juu ya zinki, inaikata kabisa isifanye kazi. Yule aliyekipaka alitaka kupendezesha, ila chumvi ilibaki inatafuta alumini ya kula, na mashimo uliyoyaona yako pale rangi ilipobanduka.

Bolti iliyoganda usiilazimishe. Ni chuma ndani ya alumini, kutu nyeupe imejaza nyuzi, ukivuta kwa nguvu kichwa kinakatika na hapo unaingia gharama ya kutoboa. Tazama kwanza inaingilia wapi: kwenye mashine nyingine bolti inatoka juu ya pleti, imefunikwa na kizibo cha mpira, kwenye nyingine inapita kwenye kipezi chenyewe kutoka chini. Safisha shimo kwa waya, weka mafuta ya kupenyeza, acha usiku mzima, weka tena. Gonga kichwa cha bolti mara chache kwa nyundo ndogo, kwa wima, nyuzi ziachie. Tumia soketi yenye pembe sita inayokaa vizuri. Spana ya pembe kumi na mbili iliyochakaa inakula kichwa. Kaza kidogo kwanza mpaka usikie inalia, ndipo ufungue robo, rudisha, fungua tena. Ikigoma, mimina maji ya moto kwenye alumini kuzunguka bolti. Moto wa gesi weka mbali, kuna sili ya shafti ya propela jirani.

Ikitoka, safisha pale kipezi kinapokaa mpaka uone alumini inang'aa. Zinki lazima igusane na alumini tupu. Grisi isiyooshwa na maji weka kwenye nyuzi za bolti peke yake, usiipake kati ya kipezi na mguu.

Kupanga kipezi kipya:

- Anza kikiwa kimenyooka kabisa. Chora mstari kwa msumari au kalamu ya wino mzito kwenye pleti ili ujue katikati ni wapi.
- Kaza, nenda ukajaribu kwa mwendo wa safari na mzigo wa kawaida.
- Ikiwa bado inavuta kulia, rudi, zima, legeza bolti bila kuitoa, sogeza ncha ya nyuma kulia kama milimita 3. Kaza. Jaribu tena.
- Kipezi chenye meno kinasogea kwa hatua. Sogeza jino moja kila mara.
- Ukisikia sasa inavuta kushoto, umepitiliza, rudisha nusu ya ulichosogeza.

Usitafute usawa wa mwendo wote. Haupo. Kipezi kinafanya kazi maji yakipita kasi, kwa hiyo kwenye mwendo mdogo hutakisikia, na ukipiga resi yote utabaki na mvuto kidogo. Panga kwa ule mwendo unaokaa nao saa nyingi. Na ukibadilisha tundu la pini baadaye, kipezi lazima kipangwe upya.

Pezi la chini: ndiyo, lina maana kubwa. Lina eneo kubwa kuliko kipezi na limesimama muda wote ndani ya maji safi. Weka rula kando ya mguu kutoka katikati ya pleti hadi ncha ya pezi, upime limetoka nje kwa kiasi gani na upande gani. Tofauti ya milimita mbili tatu kwenye ncha unaweza kuifidia kwa kipezi. Zaidi ya hapo lipelekwe kwa mwenye mashine ya kuchomea alumini. Usilinyooshe kwa nyundo. Ni alumini ya kumimina, haikunjiki mara mbili, inapasuka juu karibu na gia boksi na mafuta ya gia yanaanza kutoka, maji yanaingia. Kama pezi limekatika kipande, hilo nalo linaongeza mvuto, kwa sababu mguu unakosa uso wa kuutuliza.

Halafu jaribu hili mashine ikiwa imezimwa na imeshushwa: shika gia boksi kwa mikono miwili, sukuma kulia na kushoto. Ukisikia uwazi kabla kana haijaanza kusogea, bushi za mhimili au raba za chini za kuzuia mtetemo zimechoka. Mguu unajipinda wenyewe ukitia resi, na hakuna kipezi kitakachotibu hilo.

---

ZiwaKusini

Niongezee kwa wanaosoma huku boti zao zikiwa za stering na kebo, maana huku Mwanza ndizo tunazo nyingi kwa watalii na doria. Mvuto unaweza kuwa uleule, lakini stering inauchanganya na ugumu, na watu wanageuza kipezi kutibu kebo iliyokufa.

Tofautisha kwanza. Mvuto ni stering kuwa nyepesi upande mmoja na nzito upande mwingine, na unabadilika na resi. Ugumu ni stering kuwa nzito pande zote, hata boti ikiwa imefungwa gatini. Ukiwa na ugumu, fungua fimbo inayounganisha ncha ya kebo na mashine. Zungusha stering peke yake, kisha geuza mashine kwa mkono peke yake. Stering ikiwa nyepesi na mashine ngumu, tatizo ni mhimili wa mashine: grisi imekauka, pampu grisi mpya kwenye chuchu zake (vitundu vya kuingizia grisi) mpaka ya zamani itoke. Mashine ikiwa nyepesi na stering ngumu, tatizo ni kebo au kichwa cha stering.

Kebo mara nyingi hugandia kwenye bomba la chuma inapopita mbele ya mashine. Chumvi au tope na grisi ya zamani vinakuwa kama saruji. Ukipampu grisi kwenye chuchu ya bomba hilo, hakikisha ile fimbo ya kebo imerudi ndani kabisa. Ukipampu ikiwa imetoka nje, grisi inajaa nyuma yake na kuifunga, stering inakwama. Hilo ni hatari, si usumbufu tu. Waya wa ndani wa kebo ukishaingiwa maji na kuvimba, kebo ibadilishwe nzima. Kuipaka mafuta kunakupa wiki chache, kisha inakatika ukiwa katikati.

Vipo vichwa vya stering vyenye kizuizi ndani, propela haiwezi kurudisha nguvu mkononi. Ni vizuri kwa safari ndefu, ila havimalizi mvuto, vinakuzuia usiusikie. Panga kipezi kwanza kabla ya kununua kichwa hicho.

Na wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: zinki haifai huku. Inajifunika ngozi nyeupe na kuacha kuliwa, mnadhani ni nzima kumbe haifanyi kazi. Kwenye maji baridi kinga inayofaa ni ya magnesi. Maji ya mdomo wa mto, yanayochanganya chumvi na baridi, tumia ya alumini. Ukinunua kipezi uliza kimetengenezwa kwa nini. Vingine si kinga kabisa, ni vya alumini iliyopakwa rangi, vya kupangia mvuto tu, na hivyo rangi yake haina neno.

---

Nahodha_Chole

Nashukuru ZiwaKusini. FundiMguu, nimehamisha pini tundu moja nje na tanki nimelileta katikati kwa kuongeza hose. Tofauti ni kubwa, kana naishika kwa mkono bila kuibana. Bado inavuta kulia kidogo resi ikiwa juu. Pezi la chini nimepima, ncha imetoka milimita 4 kuelekea kushoto. Hilo linasukuma upande gani?

---

FundiMguu

Ncha ya nyuma ikiwa imepindia kushoto, inausukuma mkia wa mguu kwenda kulia, yaani inaongeza mvuto wako wa kulia. Ni kinyume cha unavyotaka kipezi kifanye. Milimita 4 kwenye pezi lile ni nyingi, ningelipeleka likanyooshwe kwa moto na mtu anayeijua alumini. Kama hupati fundi karibu, weka kipezi kipya na ukielekeze kulia, utapunguza sehemu kubwa.

Usipunguze pezi kwa kulikata ili kuondoa pale palipopinda. Wengine hufanya hivyo. Utapoteza utulivu wa mguu na propela itabaki bila kinga siku ya kugusa mwamba.

---

MkukuNaTezi

Na wakati unajaribu, kamba ya kuzimia ifungwe kwenye jaketi okozi au mkononi kila safari, hata kama ni mita mia mbili. Boti yenye mvuto, ukiachia kana kwa bahati mbaya, mguu unageuka hadi mwisho ndani ya sekunde moja, boti inajizungusha na kumtupa aliye nyuma, kisha inarudi kwa duara kumpitia na propela. Hose uliyoongeza nayo ikague: iwe ni ya petroli, isiwe na kiungo kinacholala sakafuni kwenye maji, na isibanwe na tanki. Hose iliyobanwa inainyima mashine mafuta resi ikiwa juu, na utadhani tatizo lingine limezaliwa.

---

Nahodha_Chole

Sawa wakuu. Kipezi nimeagiza, cha zinki. Bolti imelala na mafuta ya kupenyeza tangu jana, kesho asubuhi naigonga na maji ya moto yapo jirani.

---

FundiMguu

Vizuri. Ikikatika pamoja na tahadhari zote, usitoboe kwa drili ya mkono ukiwa umeiinua boti ufukweni. Shusha mashine, iweke kwenye stendi, piga alama katikati kabisa ya bolti kwa sentapanchi, anza na biti ya milimita 3. Ukitoka nje ya katikati unakula nyuzi za alumini, na hapo itabidi kuweka nyuzi za bandia za waya. Zinashika vizuri tu, ila ni kazi ya karakana.